Samaki wa kumlisha nyoka gata mchanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyoka gata (kwa Kiingereza garter snake) ni yule mwembamba mwenye mistari mirefu mgongoni, anayeonekana kwenye nyasi na kando ya mabwawa sehemu nyingi za Marekani na kusini mwa Kanada. Familia za Waswahili huku Minnesota hukutana naye kwa njia ile ile: mtoto anarudi nyumbani na ombi la kumfuga, na wiki moja baadaye mzazi ananiuliza amlishe nini. Maswali hapa chini ndiyo yanayorudi kila mara. Ukiwa na haraka, soma la 3 na la 4. Ikiwa nyoka wako anatetemeka au anajisokota, nenda moja kwa moja swali la 17.

## Mambo ya msingi

1. Huyu nyoka ana sumu?

Mate yake yana sumu hafifu inayomsaidia kulemaza vyura na wanyama wengine wadogo, lakini si hatari kwa mtu. Akiogopa hutoa majimaji yenye harufu mbaya kutoka chini ya mkia, na hiyo ndiyo silaha yake kubwa. Najua wengi wetu tumelelewa kumkimbia nyoka yeyote, na huko nyumbani ilikuwa busara. Gata hayupo Afrika Mashariki, kwa hiyo usimfananishe na nyoka wowote wa kule.

2. Nyoka mchanga anakula nini? Ni lazima awe samaki?

Si lazima. Gata huzaa watoto walio hai, hatagi mayai, na mtoto akizaliwa ana urefu wa kama kalamu. Porini anaanza na nyungunyungu, konokono wasio na gamba, viluwiluwi, vyura wadogo na samaki wadogo. Nyumbani watu wengi huanza na samaki kwa sababu wanapatikana mwaka mzima na nyoka mchanga huvutwa haraka na harufu yao. Chakula kizuri ni mchanganyiko: samaki salama, nyungunyungu (swali la 15), na baadaye panya wachanga (swali la 16). Anayemlisha nyoka wake samaki wa aina moja tu miezi na miezi anatafuta matatizo, hata kama samaki huyo ni salama.

3. Nitajie tu samaki salama nikanunue.

Kwenye sehemu ya samaki ya duka la vyakula: tilapia, samoni, trauti, haddoki na poloki. Wawe wabichi au wa kugandishwa, bila chumvi, bila viungo, bila unga. Samaki wa moshi na wa kopo hawafai.

Kwenye duka la wanyama wa kufugwa: gapi, plati na moli. Hawa watatu ni wa ukoo mmoja, huzaa badala ya kutaga, na ndio samaki wadogo ninaowaamini kumpa nyoka mchanga wakiwa wazima, bila kukatwa.

Ukivua mwenyewe: blugili, perchi wa manjano, na wolai, yule samaki wa jimbo la Minnesota. Soma swali la 10 kwanza.

4. Na wa kuepuka?

Samaki wa dhahabu. Kapi. Samaki wadogo wa chambo waitwao mino, pamoja na wale wenye rangi ya waridi wanaouzwa kwa jina la rosy red, ambao ni mino wale wale kwa rangi nyingine. Smeliti. Heringi. Anchovi. Jodari nao, kwa sababu baadhi ya aina zao zina tatizo hili na nyingine hazina, na kipande kilichokatwa hakikuambii kimetoka kwa yupi. Vibua ni hivyo hivyo: wa Atlantiki ni salama, wa Pasifiki wana tatizo, na pakiti nyingi hazisemi.

Hapo ndipo kiini cha ukurasa huu. Usalama wa samaki kwa nyoka huyu hautegemei ubichi wake, bei yake wala usafi wa duka. Unategemea ni samaki wa aina gani. Kama huwezi kumtaja kwa jina lake halisi, usimlishe. Neno mino lenyewe halitoshi, kwani wauza chambo huwaita hivyo samaki wa aina nyingi tofauti.

5. Tatizo hasa ni nini?

Ndani ya miili ya samaki hao kuna kimeng'enya kiitwacho thiaminesi. Kazi yake ni kuvunjavunja thiamini, yaani vitamini B1. Nyoka akila samaki hao mara kwa mara, B1 inaharibiwa humo humo tumboni kabla haijamfaidi. Ubongo na neva haviwezi kufanya kazi bila vitamini hiyo, kwa kuwa ndiyo inayosaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu. Nyoka anaonekana ameshiba na ana afya, huku akiishiwa taratibu. Huchukua wiki au miezi, na hiyo ndiyo sababu watu hawaunganishi ugonjwa na chakula.

Jambo hili lilijulikana kwanza kwa wanyama wengine kabisa, na lilianzia hapa hapa Minnesota. Mwaka 1932 mbweha wa kufugwa katika shamba la bwana mmoja aitwaye Chastek walipooza na kufa baada ya kulishwa samaki wabichi, kapi wakiwemo. Ugonjwa ukapewa jina lake, na wataalamu wakaja kugundua kwamba samaki walikuwa wanaharibu B1. Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, trauti wanaokula sana samaki mdogo aitwaye alewifi hutaga mayai yenye upungufu wa B1, na vifaranga wao hufa wachanga. Ikiwa samaki mwenyewe hadhuriki peke yake bali hata kizazi chake, nyoka wa gramu chache ana kinga gani?

6. Muuzaji ndiye aliyenipa hao samaki, akasema ni chakula cha nyoka. Kweli wangewauza kama wanadhuru?

Wanauzwa, na kwa wingi. Samaki wa dhahabu na rosy red ni rahisi kuzalisha, hawafi ovyo dukani, na wanyama wengi wakila mmoja wawili hawaonyeshi shida yoyote. Muuzaji mara nyingi hana nia mbaya, amefundishwa hivyo.

Nyoka wangu wa kwanza nilimlisha rosy red majira yote ya baridi kwa ushauri wa namna hiyo. Kufikia mwezi wa tatu alianza kurusha kichwa na kumkosa samaki aliye mbele yake. Nikadhani anacheza, nikawaita watoto waje kuangalia. Alikufa kabla sijalisikia neno thiaminesi. Ndiyo maana nalijibu swali hili kila ninapoulizwa, hata usiku.

7. Lakini porini anakula samaki wowote anaowakuta, mbona hafi?

Kwa sababu porini leo ni samaki, kesho chura, mvua ikinyesha nyungunyungu watano. B1 anayopoteza kwa mlo mmoja anaipata kwa unaofuata. Ndani ya tangi hana uchaguzi, anakula unachomletea wewe.

## Dukani na jikoni

8. Tilapia tunayopika nyumbani inafaa?

Inafaa sana, na ndiyo ninayowapendekezea wengi wetu kwa sababu tayari ipo kwenye friza. Yule tuliyemzoea kama sato ni tilapia. Kata kipande kabla hujatia chumvi na ndimu, maana kikishagusa viungo si chakula cha nyoka tena. Minofu iliyogandishwa wakati mwingine huwa imeongezewa maji ya chumvi kiwandani. Soma maandishi ya viambato: panapaswa kuwa na samaki tu.

9. Na dagaa? Omena je?

Hapana. Swali hili huulizwa na wale wanaonunua dagaa wakavu kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika, na nalielewa, kwa kuwa ukubwa wao unaonekana umeumbwa kwa kinywa cha nyoka mdogo. Lakini dagaa wa Ziwa Victoria, ndio omena, wako katika kundi moja na kapi, mino na samaki wa dhahabu, ambalo ndilo kundi linaloongoza kwa thiaminesi. Juu ya hapo wamekaushwa juani, mara nyingi wana chumvi na mchanga. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa jamaa ya heringi, nao nawaacha kwa sababu hiyo. Wapike uwale mwenyewe.

10. Samaki niliyemvua ziwani?

Ukimtambua kwa hakika na yumo kwenye orodha ya swali la 3, sawa. Blugili na perchi wana miiba mikali mapezini, kwa hiyo kwa nyoka mchanga tumia mnofu tu, uliopapaswa kwa kidole kuhakikisha hauna mwiba. Mgandishe kwanza kwa ajili ya minyoo. Mamlaka ya chakula ya Marekani hutaja nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa siku 7 kwa samaki watakaoliwa wabichi. Friza nyingi za nyumbani hazifiki baridi hiyo, kwa hiyo mimi huacha mwezi mzima.

Smeliti wanaovuliwa kwa nyavu karibu na Duluth kila majira ya kuchipua ni watamu kwa watu, lakini wamo kwenye orodha ya kuepuka. Usivutwe na wingi wao.

11. Nikiwagandisha samaki wa dhahabu, thiaminesi inakufa?

Haifi. Baridi inaua minyoo, haiui kimeng'enya. Kibaya zaidi, thiaminesi huendelea kula B1 polepole ndani ya samaki aliyegandishwa, na akiyeyuka huongeza kasi. Kutoa matumbo hupunguza, maana ndiko kimeng'enya kimejaa, lakini hakumalizi.

12. Nikiwachemsha?

Joto linaiharibu kweli: nyuzi 80 za Selsiasi kwa dakika 5 au zaidi, hadi katikati ya samaki. Lakini joto hupunguza pia B1 yenyewe, hulainisha nyama ikavunjika mkononi, na nyoka wengi hukataa harufu ya samaki aliyepikwa. Itumie njia hii siku ambayo huna samaki mwingine kabisa. Kwa kweli, tilapia ya dola chache inakuondolea kazi yote hiyo.

13. Minofu au samaki mzima?

Mzima ni bora, kwa sababu ya mifupa. Nyoka mchanga anakua haraka na anahitaji kalsiamu, na mnofu hauna mfupa. Akila minofu tu, mifupa yake huwa laini. Basi changanya: gapi mzima siku moja, kipande cha samoni siku nyingine, na minofu yote inyunyizie unga wa kalsiamu wa watambaazi, kidogo tu. Samoni ana mafuta mengi, kwa hiyo asiwe wa kila siku.

Gapi akiwa hai ana kazi nzuri ya kumwamsha nyoka mchanga anayesita: mweke kwenye bakuli lenye maji ya kina cha sentimita 2 au 3. Ila samaki wa dukani huja na vimelea na pengine masalia ya dawa. Mimi huwatenga siku 30 kwenye tangi la lita 40 kabla ya kuwatumia, na kwa kuwa gapi huzaa bila kuombwa, baada ya muda hununui tena.

## Kulisha kwenyewe

14. Kipande kiwe kikubwa kiasi gani, na mara ngapi?

Kisizidi unene wa nyoka mahali aliponenepa zaidi. Kwa aliyezaliwa juzi, hicho ni kipande kama punje ya mchele mrefu. Vipande vitatu au vinne, kila baada ya siku 2. Akifika miezi 3 au 4, mara 2 kwa wiki. Mkubwa hutosheka na mara moja kwa wiki.

Yeyusha samaki kwenye jokofu, kisha mwache apate joto la chumba. Mweke kwenye kisahani ili asimeze vumbi la mbao au udongo wa tangini. Nyoka anahitaji pia kona yenye joto la nyuzi 29 hadi 31 za Selsiasi, vinginevyo chakula kitamwozea tumboni na atakitapika.

Kama una nyoka wawili, watenganishe wakati wa kula. Wote wawili wakishika ncha za kipande kimoja, hakuna atakayeachia, na aliye mkubwa anaweza kummeza mwenzake. Haikusudiwi, lakini hutokea.

15. Nyungunyungu wowote wanafaa?

Wale wakubwa wanaouzwa kwa wavuvi ni chakula kizuri, hasa wakikatwakatwa. Nyungunyungu wekundu wa mboji, wanaotoa majimaji ya manjano ukiwashika, ni sumu kwa nyoka hawa. Usiwachimbe kwenye bustani iliyopigwa dawa.

16. Lini nianze kumpa panya? Na akikataa?

Mara anapoweza kumeza kichanga cha panya kilichogandishwa na kuyeyushwa, hata nusu yake. Panya ana mifupa, ini na B1 ya kutosha, kwa hiyo wasiwasi mwingi uliosoma hapo juu hupungua. Wengi hukataa mwanzoni kwa sababu hawaijui harufu. Kisugulie kichanga kwenye tilapia au samoni, kisha kila wiki punguza harufu ya samaki.

Anayekataa kila kitu, samaki akiwemo, kwanza angalia joto, kisha mahali pa kujificha, kisha kama anakaribia kujivua ngozi: macho huwa na ukungu wa buluu, na siku hizo hataki kula. Nyoka aliyezaliwa wiki hii anaweza kukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike. Zikipita wiki mbili, mpeleke kwa daktari.

## Mambo yakienda vibaya

17. Dalili za upungufu wa B1 ni zipi?

Anakosa shabaha anapokamata chakula. Kichwa kinatetemeka au kinainamia upande mmoja. Ukimgeuza tumbo juu, anachelewa kujirudisha au hawezi kabisa. Mwili unajisokota kama kizibuo cha chupa. Mwisho ni kifafa na kupooza.

Hapo usisubiri kesho. Tafuta daktari wa wanyama anayetibu watambaazi, mwambie jina la samaki uliyekuwa unamlisha na kwa muda gani, na taja thiamini. Daktari humchoma sindano ya B1, na wakiwahiwa wengi hupona kwa kasi inayoshangaza. Akichelewa, ubongo unabaki na madhara. Wakati unasubiri, ondoa maji ya kina, maana nyoka anayejisokota anaweza kuzama kwenye bakuli lake.

18. Nimemlisha samaki wa dhahabu mara moja tu. Nimemuua?

Hapana. Tulia, badilisha chakula leo. Mlo mmoja au miwili hauna shida kwa nyoka anayekula vizuri. Kama imekuwa mwezi au zaidi na hakuna dalili, badilisha leo pia, na umpigie daktari kuuliza kama anahitaji nyongeza ya B1.

19. Naweza kumpa vidonge vya B1 vya watu?

Kipimo kinachotumika kwa wanyama wanaokula samaki ni miligramu 25 hadi 30 za thiamini kwa kila kilo ya samaki. Piga hesabu: kidonge kimoja cha miligramu 100 kinatosha kilo tatu na zaidi. Nyoka mchanga hamalizi hata gramu 5 kwa mlo, kwa hiyo anachohitaji ni chembe tu ya unga wake, iliyonyunyizwa muda mfupi kabla ya kumpa. B1 ya ziada hutoka na mkojo, kwa hiyo kosa dogo halimdhuru. Lakini usiitumie kama ruhusa ya kurudi kwenye rosy red, kwani kimeng'enya kitaivunja na hiyo uliyoongeza. Na kwa nyoka ambaye tayari ana dalili, unga hautoshi. Rudi swali la 17.

20. Tuna mtoto mdogo nyumbani. Kuna hatari?

Watambaazi wote wanaweza kubeba salmonela bila kuugua. Taasisi ya afya ya umma ya Marekani inashauri watoto chini ya miaka 5 wasiwashike. Nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kumgusa nyoka, tangi lake au chakula chake. Weka kisu na ubao wa kukatia wa nyoka peke yao, na usioshe bakuli lake kwenye sinki la jikoni. Bibi akija kutembea na akaukuta ubao ule juu ya meza, mwambie ukweli kabla hajakatia kachumbari.

21. Nina nyoka utepe (ribbon snake), siyo gata wa kawaida. Ni yale yale?

Ni jamaa wa karibu, na kwake jambo hili ni zito zaidi. Nyoka utepe porini huishi kwa vyura na samaki, hapendi nyungunyungu na wengi hukataa panya hadi mwisho. Samaki ndio chakula chake cha maisha, kwa hiyo orodha ya swali la 3 ishike kwa makini na zungusha angalau aina tatu.

22. Naweza kumwokota tu nyuma ya nyumba?

Sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo, kwa hiyo uliza idara ya maliasili ya kwenu kabla ya kumgusa. Baadhi ya jamii za gata ziko hatarini: yule wa San Francisco analindwa na sheria ya taifa tangu 1967, na gata mkubwa wa bonde la kati la California tangu 1993. Wa porini pia huja na minyoo na hula kwa shida ndani ya tangi. Aliyezaliwa kwa mfugaji tayari anajua kula vipande vya samaki, na ukimuuliza mfugaji ni samaki gani, jibu lake litakuambia kama ununue kwake.